Kiwiko cha Kushoto

Kuna watu ukiwatukana asubuhi, mchana wameshasahau na wanakuja kukuomba chumvi. Nyundo hakuwa wa aina hiyo. Yeye tusi alilipokea, akalitafutia mahali pa kulala moyoni, akalilisha, akalinenepesha, na likishaota meno ndipo alipolirudisha kwa mwenyewe. Waliomfahamu walimtania wakiwa wamesimama mbali na mkono wake.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Mlango uliobonyea, boneti iliyojikunja, bampa lililokumbatia nguzo, vyote vililetwa gerejini kwake vikiwa vimekata tamaa, vikatoka vinang'aa. Watu walidhani jina la Nyundo limetoka huko. Lilitoka kwenye dramu. Kabla hajawa na gereji alikuwa mpiga dramu wa Kutu, bendi ya hevi metali iliyowahamisha majirani katika zaidi ya mtaa mmoja.

Kutu walikuwa wanne. Honi ndiye aliyeimba, na aliitwa hivyo kwa sababu sauti yake ingeweza kumwamsha dereva aliyesinzia barabara ya pili. Gitaa lilikuwa la Mwalimu, ambaye kweli alifundisha hesabu shuleni, na hata jukwaani kalamu yake nyekundu ilichungulia kwenye mfuko wa jaketi la ngozi. Besi ilikuwa ya Kimya, na jina lake linatosha. Wa nne alikuwa Nyundo. Walianza wakiwa na nywele za kufika mabegani. Nywele zikaaga, majaketi yakakataa kufunga, lakini kila Jumamosi walikutana katika chumba cha rangi nyuma ya gereji ya Nyundo, wakapiga mpaka misumari ya paa ikalegea. Katikati ya miaka hiyo Nyundo alimwoa mdogo wake Honi. Mwimbaji wake akawa pia shemeji yake, na ugomvi wa bendi ukapata mahali pa kuendelea mezani.

Sasa, kulikuwa na siri kati ya Nyundo na Honi ambayo hata Mwalimu na Kimya hawakuijua. Honi hakujua kuhesabu mapigo. Sauti alijaliwa, kifua alijaliwa, lakini kujua ni wakati gani afungue mdomo, hapo alikuwa bure kabisa. Katika onyesho lao la kwanza aliingia mapema kwenye wimbo wao mkubwa, Tanuru, akaingia mapema tena, na watu wakamrushia chupa za plastiki. Nyundo alimvuta nyuma ya pazia.

"Wewe usisikilize," alimwambia. "Ukisikiliza unaharibu. Nitazame mimi kiwiko cha kushoto. Kikipanda, fungua mdomo."

Tangu siku ile Honi hakukosea. Kabla ya kila ubeti aligeuza shingo nusu, akatupa jicho nyuma juu ya bega, kiwiko kikapanda, naye akanguruma. Mashabiki walidhani ni mbwembwe. Vijana wakaiga ile shingo mitaani, wakaigeuza hata wakiwa kwenye foleni ya maji. Honi aliziacha sifa zimkalie, na Nyundo hakusema neno, kwa sababu yeye alijua nani amembeba nani.

Kisha goti likamsaliti. Ngoma kubwa ya hevi metali hupigwa kwa miguu yote miwili, mbio mbio kama cherehani, na goti la kulia la Nyundo lilikuwa limechoka. Akafanyiwa upasuaji, akalala nyumbani mguu ukiwa juu ya mto. Alipoweza kutembea kwa mkongojo alikwenda gerejini, akafungua chumba cha rangi. Spika hazikuwepo. Nyaya hazikuwepo. Hata zulia lilikuwa limeondoka. Dramu zake tu ndizo zilizobaki katikati ya sakafu, zimefunikwa turubai, pembe zote zimekunjwa ndani kwa uangalifu. Hilo turubai ndilo lililomuuma kuliko yote. Aliyefunika vile alikuwa amesimama pale akamwonea huruma.

Akampigia Honi simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Baadaye kidogo Mwalimu alifika nyumbani na mfuko wa machungwa, akakaa, akauliza habari za goti, akalalamikia mitihani, akalitazama goti tena, akasifia mapazia, akaondoka. Alikuwa ametumwa aseme, akashindwa, akaishia kwenye mapazia.

Habari yenyewe Nyundo aliipata ukutani, kando ya duka la vipuri. Bango kubwa, rangi nyeusi na nyekundu: KUTU, ALBAMU MPYA, CHUMA KIPYA. Chini yake watu wanne wamekunja uso. Honi, Mwalimu, Kimya, na mahali pake yeye, msichana mwenye misuko mirefu ameshika vijiti viwili kifuani kama anazuia mtu asipite. Nyundo alisimama pale akiwa ameegemea mkongojo. Chuma kipya. Na yeye ni nini basi, chakavu?

Mke wake alikuwa anajua.

"Kaka aliniomba nisiseme," alimwambia huku anapanga sahani kabatini. "Alisema atakuja mwenyewe akwambie kwa heshima."

"Alikuja?"

"Alifika mpaka getini. Zaidi ya mara moja."

"Kwani geti ndilo lililofukuzwa kwenye bendi?"

Mke wake aliendelea kupanga sahani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi, na katika ugomvi wa wale wanaume wawili alijifunza zamani kusubiri.

Nyundo angeambiwa usoni, angetukana, angevunja kikombe, yangeisha. Alijijua. Goti lilikuwa lake, na hakuna aliyelivunja. Lakini kuondolewa kimyakimya, kufunikwa turubai, kuletewa machungwa kama mgonjwa wa kuagwa, hapana. Siku ile, mbele ya lile bango, alikuwa ameapa kwamba Honi naye ataonja. Hakutaka kumpiga, maana kipigo hupona. Alitaka aaibike, mchana kweupe, mbele za watu wanaolijua jina lake, asimame pale na asijue pa kuuficha uso. Kuanzia siku hiyo Nyundo alilala na wazo hilo na kuamka nalo.

Dereva wa gari la mikate ndiye aliyemletea moto mwingine. Aligongwa madigadi, akaja gerejini, akaacha redio ikiunguruma mlango ukiwa wazi.

"Fundi, unawasikia hawa jamaa?" alisema akitikisa kichwa. "Kutu. Wamerudi vingine kabisa. Wamepata mtu wa dramu sasa. Yule wa zamani alikuwa anawachelewesha."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anasema."

Dereva hakujua anaongea na nani. Nyundo alishusha pigo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, madigadi ikapata bonde ambalo haikuja nalo. Dereva alifumba macho. Nyundo akamwambia chuma cha siku hizi ni laini, hakina adabu.

Jioni ile, mafundi walipokuwa wanaondoka, alimwomba mmoja wao amwachie albamu. Akaingia ndani ya gari lililokuwa linasubiri rangi, akapandisha vioo, akasikiliza akiwa amekunja ndita. Alikuwa anatafuta kasoro za yule msichana. Alitafuta wimbo wa kwanza, wa pili, akarudia. Msichana alipiga sawasawa. Alipiga vizuri, na Nyundo akamchukia kwa hilo pia.

Lakini kwenye wimbo wa Tanuru, ambao walikuwa wameurekodi upya, alisikia kitu kingine. Pale Honi anapoingia, sauti ilikuwa imekatwa na kuunganishwa. Kazi safi, mtu mwingine asingejua. Ila Nyundo alikuwa amekula miaka akipaka puti ya kusawazisha juu ya mishono ya mabati, na mshono aliujua hata chini ya rangi. Akarudisha nyuma. Wimbo uliofuata, hivyo hivyo. Kila Honi alipoingia, mtu wa studio alikuwa amembeba akamweka mahali pake.

Kumbe! Honi bado hajui kuhesabu, na hajamwambia mtu. Studio unaweza kukata na kubandika. Jukwaani utakata nini, ubandike nini? Na siku ya kuizindua ile albamu mbele ya watu ilikuwa imeshatangazwa. Nyundo alicheka peke yake ndani ya gari la watu mpaka vioo vikafanya ukungu.

Alidhani atahitaji tu kukaa nyumbani na kusubiri Honi aanguke mwenyewe. Honi hakumpa nafasi ya kukaa. Wiki ya onyesho alikuja gerejini, safari hii akalipita geti. Alikuwa amepungua. Alisimama katikati ya mabati akizungusha funguo kidoleni.

"Shemeji."

"Karibu. Gari limegongwa?"

"Hapana. Nimekuja tu kukuona."

"Umeniona."

Honi alikohoa, akatazama huku na huku, akavuta ndoo ya rangi iliyo tupu akaikalia. Nyundo aliendelea kupiga msasa. Alijua kinachokuja, akakiacha kije kwa miguu yake.

"Yule binti ni mzuri," Honi alisema hatimaye. "Ni msusi, ana saluni yake kule stendi. Mkono wake hauchoki. Lakini shemeji, mazoezini napata taabu. Nageuka namtazama, yeye anadhani namkemea, anazidi kupiga kwa nguvu. Mimi nasimama kama nguzo. Nasingizia waya. Nasingizia maji ya kunywa. Mwalimu ameanza kunitazama vibaya."

"Si umwambie unachotafuta."

"Nimwambie nini? Kwamba nyimbo zangu mwenyewe sijui zinaanzia wapi? Msichana kama yule? Anazifahamu nyimbo zetu tangu yuko shule." Honi alishusha sauti. "Nimempa dada tiketi mbili. Viti vya mbele kabisa, katikati. Wewe kaa pale. Kaa mahali nitakapokuona. Unajua mwenyewe."

Nyundo aliweka msasa chini. Alimngoja aseme lile neno. Hakuomba makubwa: samahani moja tu, hata ya kunong'ona, hata ya kukohoa. Honi alisimama, akajipangusa suruali, akasema, "Basi nakutegemea," akaelekea kwenye geti.

Hapo hasira za Nyundo zilipanda mpaka masikio yakapata moto. Mwili mzima hawautaki. Goti hawalitaki, jina hawalitaki, sura imefutwa kwenye bango. Wanataka kiwiko. Wameng'oa mtu mzima bendini, sasa wanarudi kuazima kipande.

"Shemeji!" aliita kwa sauti tamu. "Usiwe na wasiwasi. Nitakuwepo."

Siku yenyewe ilipofika alivaa shati la mikono mifupi. Mke wake alimtazama toka juu hadi chini.

"Ukumbini kuna baridi. Jaketi lako je?"

"Leo sitaki jaketi."

"Nyundo. Una nini moyoni?"

"Nina hamu ya muziki."

Mke wake alichukua mkoba, akafunga mlango, akaujaribu kama umefunga.

Ukumbi ulikuwa jumba la sinema la zamani, viti vyake vya velveti vimekatikakatika. Saa kumi jioni palikuwa pamejaa. Kulikuwa na wazee wenye vitambi waliovaa fulana za Kutu za enzi zile, na wengine walikuja na watoto wao. Wachache walimtambua Nyundo, wakamshika bega, wakampa pole, wakaendelea na safari zao kwenda kutafuta viti. Hizo pole alizimeza moja moja. Akakaa pale alipoambiwa akae, mbele kabisa, katikati, akaweka mkono wa kushoto kwenye mkono wa kiti.

Taa zikazimwa, Kutu wakaingia. Honi alikuwa na maikrofoni mkononi, na macho yake yalianza kutafuta kabla hajafika katikati ya jukwaa. Yakampata Nyundo. Uso ukafunguka kama wa mtoto aliyepotea sokoni akaona kanga ya mama yake.

Nyundo hakuwa mjinga wa kuharibu mapema. Wimbo wa kwanza alimpa sawa. Kiwiko kilipanda kutoka kwenye kiti, Honi akafungua mdomo, sauti ikatoka nzima, watu wakaruka. Wa pili, sawa. Honi akapata kiburi. Alinyoosha mgongo, akaanza kutembea jukwaani kama mwenye nyumba. Ndivyo Nyundo alivyotaka: kwanza apande juu, ili kuanguka kuwe na maana.

Kitu kimoja tu hakukitilia maanani. Msusi, yule binti wa dramu, alikuwa amekaa juu, nyuma ya dramu zake, na kila Honi alipotazama viti vya mbele, naye alifuata macho yake. Mara kadhaa macho ya msichana na ya Nyundo yalikutana. Nyundo alidhani ameingiwa na woga kumwona mwenye kiti. Akafurahi, akamkazia macho zaidi.

Wimbo wa tatu, Mwalimu alipokuwa katikati ya kuliliza gitaa, mahali ambapo kila mtu alijua pa kukaa kimya, kiwiko kilipanda.

Honi akaingia. Alipiga ukelele juu ya gitaa la Mwalimu kama mlevi aliyeingia kwenye harusi ya watu. Mwalimu akakosa kamba, akageuka na uso ule wa kumshika mwanafunzi anaiba mtihani. Msusi aliruka mapigo, akawahi, akawakusanya, wimbo ukasimama tena. Lakini ukumbi ulikuwa umesikia. Mtu alicheka. Nyundo alihisi kitu kinashuka kifuani kama maji baridi siku ya jua, na akatamani kipite polepole.

Wa nne alimchelewesha. Kiwiko kililala, kikalala, Honi akameza mstari mzima wa kwanza, kikapanda, akaanzia katikati ya sentensi. Mluzi ukatoka nyuma.

"Mzee amechoka!" mtu alipiga kelele. "Mpeni kiti!"

Sasa ndipo Honi alipoelewa. Alisimama ukingoni mwa jukwaa, jasho linamtiririka, akamtazama shemeji yake. Nyundo alimrudishia macho. Akaweka mkono juu ya goti lake bovu, akalipapasa taratibu, ili Honi alione. Honi angeweza kuacha kutazama pale. Lakini atazame wapi? Hakuwa na pengine. Kila wimbo uliofuata alirudi kwenye kile kiwiko akijua anapotezwa, na kila wimbo Nyundo alimpoteza. Mwalimu alikuwa amevimba. Kimya alionekana akisema kitu, jambo ambalo baadhi ya mashabiki wanalizungumzia mpaka leo.

Wimbo wa mwisho ulikuwa Tanuru. Watu walikuwa wamesubiri huo. Walisamehe yote, wakasimama, wakainua mikono, kwa sababu Tanuru unaanza na dramu na gitaa vikizunguka na kuzunguka, halafu Honi anaingia na ule ukelele wake, na nyumba nzima inaitikia. Bila ule ukelele hakuna wimbo.

Nyundo alikunja mikono kifuani. Kiwiko cha kushoto akakisukumia ndani, chini ya mkono wa kulia, kama mtu anayeficha mfuko wake sokoni.

Muziki ukazunguka. Honi akasubiri. Ukazunguka tena. Honi alisogea mbele, maikrofoni midomoni, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Watu walianza kushusha mikono. Wengine walitazamana. Ukimya wa mwimbaji katikati ya kelele ile yote ulikuwa kitu kibaya kukitazama, na Nyundo alikitazama bila kupepesa. Huu ndio mlo aliousubiri tangu siku ya turubai.

Mke wake alimwinamia sikioni.

"Mwinulie mkono."

"Mkono gani?"

"Usinifanye mtoto. Nimekaa kando yako tangu mwanzo, naona kinachopanda na kinachoshuka. Mwinulie kaka yangu mkono."

"Aombe."

"Nyundo."

"Miaka yote nimembeba. Aombe mara moja. Mbele za watu."

Na Honi akaomba. Alishusha maikrofoni mpaka kifuani, akapiga goti moja pale ukingoni, akamtazama Nyundo, na midomo yake ikasema bila sauti, wazi kabisa, "Shemeji, nisamehe." Watu wa nyuma walidhani ni sehemu ya onyesho. Nyundo alijua si onyesho. Lilikuwa lile neno, lenyewe, zima, pamoja na goti juu yake.

Alikuwa ameshinda. Alihisi mkono unataka kupanda wenyewe. Alikuwa anauinua, kweli alikuwa anauinua, ila ule utamu ulikuwa mpya mdomoni, na alikuwa ameusubiri kwa muda mrefu. Akajiambia, acha uzunguke mara moja tu. Mara moja tena, aniombe vizuri.

"Mzee Honi!"

Sauti ilitoka nyuma, kwenye dramu. Honi aligeuka. Aligeuza shingo nusu, akatupa jicho nyuma juu ya bega, vile vile kama zamani, na mashabiki wa zamani waliiona ile shingo wakapiga yowe kabla hawajajua kwa nini. Kule juu, kati ya matoazi, Msusi alikuwa anamsubiri. Kiwiko chake cha kushoto kilipanda, juu, wazi, mahali penyewe.

Honi akafungua mdomo.

Ule ukelele ulitikisa viti. Nyumba nzima ikaitikia, watoto juu ya mabega ya baba zao, wazee wenye vitambi wanaruka na miguu yao mibovu. Ubeti wa pili, shingo nusu, kiwiko. Wa tatu, shingo nusu, kiwiko. Honi alikuwa amempa Nyundo mgongo na hakugeuka tena. Mkono wa Nyundo ulikuwa umebaki hewani, nusu umeinuliwa, hakuna anayeutazama. Aliushusha taratibu akauweka mapajani.

Taa zilipowaka, watu walikuwa bado wanaliita jina la Honi. Nyundo alitaka kuondoka haraka, lakini goti lilikuwa limekakamaa na njia imejaa. Ndipo Msusi aliposhuka jukwaani, taulo shingoni, misuko imeshikana kwa jasho, akapenya watu mpaka alipokuwa.

"Shikamoo, mzee."

Nyundo alimtazama. Alitafuta tusi. Kwa mara ya kwanza maishani alifungua ghala lake akakuta tupu.

"Marahaba," alisema.

"Mzee, miezi yote ya mazoezi ananigeukia, nadhani nimekosea, nazidi kutwanga. Leo nikaona anakutazama wewe, nami nikakutazama, nikasema kumbe!" Alicheka, akajifuta uso. "Usingekuja leo nisingejua mpaka nazeeka. Na pale mwishoni ulipokunja mikono, nilielewa. Ulitaka niinue mwenyewe, sivyo? Nashukuru sana, mzee. Wengine wangeondoka na siri hiyo."

Mke wake Nyundo alikuwa amesimama pale pale na mkoba wake, anamtazama mumewe usoni, anangoja asikie atajibu nini. Nyundo alimgeukia msichana.

"Kiinue zaidi kidogo," alisema. "Macho yake siku hizi si mazuri."

Msichana aliinama kwa heshima, akarudi jukwaani mbio. Wakaenda mdogo mdogo mpaka nje, kwenye ngazi za jumba la sinema, ambako bango la Chuma Kipya lilikuwa linapepea kwenye geti. Nyundo alisimama juu ya ngazi ya kwanza. Goti lilikataa.

"Nipe huo mkono wa kushoto nikushike," mke wake alisema. "Sasa hauna kazi."